Duara Jeupe

Mlinzi aliniuliza kama nimepoteza pete.
Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya karakana ya kukaanga viazi, Iyunga,
kijiko mkononi, chupa tano zimepangwa kwenye nyasi,
na mfereji ukipita mbele yangu taratibu,
mzito, kama uji uliosahauliwa jikoni siku ya msiba.

Nikamwambia natafuta bakteria.
Akatazama mabuti yangu, akatazama mfereji.
"Hao hawatafutwi, dada. Hao wanakuja wenyewe."

Ilikuwa Juni, na ile baridi ya Mbeya
isiyopiga hodi: inaingia na viatu, inakaa kwenye mifupa.
Loleza kajifunika ukungu hadi saa nne.
Viazi vilishushwa usiku kutoka Umalila,
magunia ya lumbesa, bado yana udongo mweusi wa kwao.

Aliyenionyesha ni Subilaga, muosha viazi.
Analipwa kwa ndoo.
Alisikiliza maelezo yangu yote, wanga, sukari, vimeng'enya,
akajifuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Usichote hapo.
Hapo ni tope tu, linaganda, tunalikwangua kwa koleo.
Njoo huku chini ya bomba lililopasuka,
maji ya moto yanakodondokea.
Huku likilala siku mbili, linalegea.
Siku ya tatu limekuwa maji.
Kuna kitu kinalitafuna.
Nilimwambia bosi. Akaniambia nioshe viazi."

Nikachota huko.

Maabara yetu ina hadubini moja na nusu.
(Nusu ni ile isiyo na taa; tunaisogeza dirishani jua likijaliwa.)
Nilichemsha wanga na unga wa mwani,
nikamimina kwenye visahani, nikapaka tone la mfereji,
nikavilaza ndani ya sanduku lenye balbu.
Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Visahani vikapata blanketi langu na chupa ya maji moto.
Mimi nikalala na koti.

Asiyewahi kumwaga ayodini juu ya wanga
hajaona usiku ukiingia kwa sekunde tatu.
Kisahani cha kwanza: cheusi.
Cha pili: cheusi chenye buluu, kama bilinganya.
Cha tatu. Cha nne. Nikaanza kuhesabu nauli ya Tukuyu
na maneno ya kumwambia mama.

Cha tano,
katikati ya giza, duara.
Jeupe, kama pale kwenye kioo cha dirisha chenye ukungu
mtu anapopitisha kidole gumba apate kuchungulia nje.
Na ndani ya duara, kidoa cha rangi ya maziwa,
kimetulia, kimeshiba.

Niliogopa kupumua.
Hana mkono, hana jino,
anatema mate yake nje, anangoja chakula kilainike, ndipo anywe.
Bibi yangu, meno yalipoisha,
alilowesha hivyo hivyo mkate kwenye chai
na hakuna aliyemwita mchafu.

Fomu ilikuwa na safu: Chanzo.
Nikaandika, taka.
Nikakaa na kalamu. Nikafuta.
Nikaandika, chini ya bomba lililopasuka.
Safu nyingine: Jina. Nikaandika S-1.
Mwalimu Ambakisye akadhani S ni ya sampuli,
akasifu utaratibu wangu.

Jumamosi nikampelekea Subilaga kisahani,
nimekizungushia utepe kisifunguke.
Akakiinua kwenye jua, akakigeuza, akakitazama
hadi ndoo yake ikafurika.

"Ndiye huyu?"
"Ndiye."
"Na usiku anafanya kazi?"
"Usiku na mchana."

Akanirudishia.
Akazamisha mikono tena kwenye maji yale ya baridi,
akaokota kiazi, akakisugua jicho.
"Mwambie," akasema, "asikubali kulipwa kwa ndoo."